UZI: Mwanakisomo hahitaji "sehemu za kompyuta", anahitaji simu yake. Na mwalimu wake afundishwe kabla yake

Mleta mada

Wadau, habari za jioni.

Nimeona tangazo jingine la mafunzo ya "kompyuta kwa watu wazima". Ratiba inaanza na historia ya kompyuta, inafuata kipanya na kibodi, halafu kuandika barua. Miamala ya simu imewekwa siku ya mwisho, "kama muda utaruhusu". Sote tunajua muda hautaruhusu.

Niseme mapema kwamba nina upande. Mimi ni mwezeshaji wa kisomo, yaani darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, huku Kanda ya Ziwa, jioni. Wengi ni kina mama wa dagaa, wapo wavuvi wachache na fundi baiskeli mmoja mbishi kuliko wote. Kompyuta hawana, na sioni watakapoipata. Simu wanazo, tena wengine mbili.

Hoja yangu ni moja tu: mtu mzima anajifunza kifaa kupitia shughuli inayombana leo, na mwalimu wake vilevile. Tukiugeuza mpangilio huo tunabaki na vyeti, picha za pamoja, na watu walewale wanaomkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri.

Nchi hii ilishalijua jambo hili zamani. Mwaka 1964, akieleza mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alisema tuanze na watu wazima, maana watoto hawataugusa uchumi kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mwaka 1968 ukaja mradi wa kisomo wa UNESCO huku kwetu Mwanza na mikoa jirani. Vitabu vyake vilihusu pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Mkulima wa pamba alisoma maneno ya shambani kwake, hakuanza na sentensi za mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa takwimu rasmi, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka takriban asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya sitini hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Zipo hoja za haki kuhusu hatua gani ilihesabiwa kuwa ni kujua kusoma, na mimi mwenyewe nina maswali. Lakini kilichowaleta watu darasani kilikuwa ni shughuli zao.

Sasa angalia simu. Kaa karibu na mama wa miaka hamsini na kitu anayetaka kuangalia salio. Anapiga nyota, namba, reli, menyu inafunguka. Kusoma anajua, ila anasoma kwa silabi: "Tu-ma pe-sa... To-a pe-sa..." Akifika mstari wa nne menyu imejifunga. Anaanza upya, inajifunga tena. Mjukuu anamnyang'anya simu: "Bibi lete, wewe hujui." Bibi anajua sana. Muda ndio haumtoshi.

Wengi wamejitafutia njia, wanakariri mfuatano: nne, moja, namba ya mtu, kiasi, siri. Inawabeba vizuri mpaka kampuni ibadilishe mpangilio wa menyu, na siku hiyo mtu anajikuta ananunua vocha alipotaka kutuma ada ya mtoto.

Darasani kwetu tunafanya hivi: menyu yote naiandika kwenye karatasi kubwa za manila kwa maandishi makubwa, ukurasa mmoja kwa kila hatua. Tunaisoma pamoja bila haraka, tunabishana "lipa bili" inaficha nini ndani yake, kisha ndipo mtu anashika simu. Akishajua atakutana na nini, sekunde zile zinamtosha. Manila ni bei ya soda. Haina haja ya mfadhili.

Naomba kuwasilisha, matusi yaje taratibu.

Kiswaswadu

Mkuu, nakubaliana na manila, ila usiishie kwenye menyu za nyota na reli. Serikali yenyewe imehamia mtandaoni. Leseni, ada, faini, bili ya maji, kila kitu unaambiwa chukua namba ya malipo. Mama wa dagaa akibaki na kiswaswadu chake, kile kisimu cha vitufe, atabaki nyuma. Wafundisheni simu janja moja kwa moja.

Mleta mada

Mkuu, namba ya malipo ya serikali inalipika hata kwenye kiswaswadu. Hilo ndilo somo letu lenye wateja wengi! Tunachukua bili halisi, tunatafuta zile tarakimu zipo wapi kwenye karatasi, tunazigawa tatu tatu ili zisiruke, tunaziingiza, halafu kabla ya kuweka siri tunasoma jina la anayelipwa. Kwenye hatua hiyo ya jina nawaweka muda mrefu kuliko zote. Mtu akizoea kusimama na kusoma jina kabla ya siri, umemwokoa na mengi.

Simu janja tunafundisha pia, ila kuna mambo mawili wataalamu wa semina hawayataji.

La kwanza ni macho. Mtu akivuka arobaini macho ya karibu yanaanza kupungua, na maandishi ya simu ni kama chawa. Anasogeza simu mbali, anakunja uso, mwalimu anaandika "uelewa mdogo". Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio, mtafutie miwani ya kusomea, halafu ndio umpime uelewa.

La pili ni vidole. Kidole cha mtu aliyeanika dagaa miaka ishirini ni kigumu na kikavu, kioo hakikisikii vizuri. Kwa hiyo anakandamiza. Akikandamiza kwa muda, simu inadhani anataka kuhamisha au kufuta, alama zinaanza kucheza, naye anaogopa kwamba ameharibu simu ya watu. Kugusa-na-kuachia nakifundisha peke yake, kwenye kikokotoo, ambako hakuna cha kuharibu. Kikokotoo pia kinawafaa kwa hesabu za ndoo na magunia, hivyo hawaoni kama wanapewa mchezo wa watoto.

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada umegusa pazuri, ila kichwa cha uzi kinasema mwalimu afundishwe kwanza na hujarudi huko. Ngoja nikusaidie, mimi niko shule ya msingi na jioni nasaidia darasa la watu wazima.

Baada ya sensa ya 2022 vishikwambi (tableti) vilivyotumika kuhesabia watu vilikuja kwa walimu. Jambo jema kabisa. Ukipita ofisi nyingi za walimu leo utakuta baadhi vinafanya kazi kweli, vingine vimo kabatini vimezima chaji, na vingine watoto wa mwalimu wanachezea magemu. Si uvivu. Mwalimu wa miaka hamsini na mbili hataki kubonyeza kitu mbele ya mwalimu wa ajira mpya halafu kigome. Bora aseme kishikwambi kibovu.

Hiyo aibu ndiyo inazaa biashara ya stesheneri. Kuomba uhamisho au likizo ni kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Kujaza utendaji kazi ni kwenye mfumo mwingine, PEPMIS. Nimewaona wenzangu wanaenda stesheneri, wanamtajia kijana nywila, kijana anajaza majukumu aliyomjazia mwalimu wa kabla yake, elfu mbili, asante. Na nywila imeandikwa kwenye daftari la stesheneri pale mezani, kila mtu anaiona! Huyo ndiye jioni anatakiwa amfundishe mama wa dagaa kulinda namba ya siri.

Mpita Njia

Kwani hao walimu hawapewi semina? Mbona kila mwaka tunaona picha.

Mwalimu wa Zamu

Wanapewa, mkuu. Siku mbili, ukumbi, projekta, mtaalamu anaonyesha kwenye kompyuta yake, sisi tunatazama ukutani. Saa nane posho, saa tisa picha. "Slaidi tutawatumia kwenye kundi." Zinakuja kwenye WhatsApp, zinamaliza bando, hakuna anayezifungua. Kifaa cha mwalimu mwenyewe hakikuguswa siku zote mbili.

Kilichotusaidia shuleni kwetu ni kitu kidogo. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inataka tuwe na jumuiya ya ujifunzaji shuleni, tukutane wenyewe kwa wenyewe. Tukakubaliana kila kikao kianze na tatizo la mtu mmoja, tatizo lake kweli, kwenye kifaa chake. Mmoja alitaka kuona hati yake ya mshahara bila kwenda mjini. Mwingine alitaka kubadili nywila baada ya kusikia habari za lile daftari. Sheria ni moja: anayejua anakaa mikono nyuma, anaongea tu. Mwenye tatizo ndiye anabonyeza. Wazee wetu wawili walinuna mwanzoni, wakadhani wanadhalilishwa. Walipoona hata kijana wa ajira mpya alikwama kwenye kupanga alama za wanafunzi kwenye jedwali, mambo yakalainika.

Mleta mada

Mikono nyuma! Nakazia hapo kwa wino mwekundu. Darasani kwetu mwezeshaji haruhusiwi kugusa simu ya mwanafunzi. Mtu akikuonyesha kwa kubonyeza yeye, umeona kidole chake kikipita, hukujifunza njia.

Ila mwalimu, kuna kundi umeliacha. Wewe ni mwajiriwa, una jumuiya, una kishikwambi. Mwezeshaji wa kujitolea, yule aliyemaliza kidato cha nne akachaguliwa na kijiji, hayumo kwenye hayo. Simu yake ni ileile ya wanafunzi wake, na bando ananunua mwenyewe kutoka kwenye kiposho kinachochelewa. Kila mpango wa "kuwajengea uwezo walimu" unamruka, na ndiye aliyeko karibu zaidi na wanaohitaji.

Wakala Kona

Mimi si mwalimu, nina kibanda cha miamala, niruhusuni niseme ninachokiona.

Wateja wangu watu wazima, sehemu kubwa wananipa simu na kunitajia siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. "Weka mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza." Namrudishia, namwambia mama weka mwenyewe, mimi nageuka. Wengine wanakasirika, wanaona nawachelewesha. Na si kila wakala anageuka.

Halafu zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Watu wanacheka kwamba hakuna anayedanganywa tena. Wanadanganywa! Anayedanganywa ni yule ambaye kweli alikuwa anatakiwa kutuma pesa siku hiyo. Ya pili ni ya anayekosea muamala: inakuja meseji imeandikwa vizuri kabisa kwamba umepokea pesa, halafu mtu anapiga analia, nirudishie nimekosea. Mama anarudisha pesa ambayo haikuingia. Akiangalia salio kwanza ameshinda, lakini kuangalia salio ndiko huko menyu inamkimbia, kama alivyosema mleta mada.

Mkifundisha, wafundisheni pia kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, na kupiga *106# waone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Kuna mzee alipiga akakuta laini asizozijua. Alikuja kwangu amefura, akidhani mimi ndiye nilimsajilia.

Mleta mada

Wakala, asante, hayo yanaingia kwenye manila. Nikuongezee moja ambalo limetuumiza huku: mikopo ya kwenye simu. Programu inaomba ruhusa ya kuona namba zote za watu wako. Mtu mzima aliyefundishwa kwamba kitufe cha kuendelea ni "Ruhusu" anabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu. Akichelewa kulipa, wanapigiwa mkwe, mchungaji na mwenyekiti wa kikundi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Orodha ni njema, ila majina yanabadilika upesi kuliko orodha. Somo linalodumu ni kusimama kwenye neno "ruhusu" na kuuliza: huyu anataka nini kwangu, na kinahusiana vipi na mkopo?

Kwa sababu hiyo nawasisitiza wawezeshaji waiweke simu kwenye Kiswahili. Vijana wanacheka, na walimu wenyewe ndio wagumu, kwa kuwa wamekariri njia kwa Kiingereza na hawataki kuonekana wamepotea. Lakini mwanakisomo anasoma Kiswahili! Kumwachia simu ya Kiingereza ni kumrudisha kwenye kukisia picha.

Ngumbaru Bado

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu masomo hayo tunayaita ngumbaru, na mfano wetu mkubwa ni mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Watu wanamkumbuka kwa sare na kaptura. Mimi namkumbuka kwa sababu zake: alitaka kujisomea Biblia, na alitaka kuhesabu pesa zake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia aanze na historia ya kalamu.

M-Pesa ilianza huku Machi 2007, na haikuja na darasa. Watu walifundishana madukani. Kwa hivyo swali langu kwenu: je, hawa watu wazima wanahitaji darasa kweli, au wanahitaji tu jirani mvumilivu?

Kiswaswadu

Swali zuri. Mimi mama yangu nilimfundisha WhatsApp kwa simu, kila Jumapili, na sasa ananitumia sauti za dakika nane nisizoweza kuzimaliza.

Mleta mada

Ndugu wa Kenya, jirani mvumilivu akipatikana nampa darasa langu lote. Shida ni kwamba jirani anakufundisha anachokijua yeye, pamoja na tabia zake mbaya. Siri ya watu wengi wa huku ni mwaka wa kuzaliwa kwa sababu jirani aliwaambia "weka usiyoisahau".

Lakini umenikumbusha jambo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilikuwa moja kwa kikundi kizima. Watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wiki hiyohiyo wakafanya walichokubaliana: kuchimba choo, kufyeka karibu na nyumba, kuchemsha maji. Walishiriki kama watu milioni mbili, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama elfu sabini na tano. Hao viongozi hawakuwa mabingwa wa redio wala wa afya. Walifundishwa kuendesha kikao.

Ndicho ninachokitaka kwa mwezeshaji wa leo. Hatuwezi kumfanya kila mmoja fundi wa simu, na programu mpya zitamkimbia tu. Mfundishe kuendesha kikao cha watu kumi wenye simu nne: nani ashike, nani asome kwa sauti, nani aandike hatua, na mtu akiuliza asichokijua aseme "tutafute pamoja". Hilo la mwisho ni gumu kwa walimu wetu kuliko programu yoyote. Tumelelewa kwamba mwalimu asiyejua ameshindwa, na kwenye simu huwezi kujua yote hata ukeshe.

Mpita Njia

Mleta mada, hapo mimi napinga. Unatoa hoja ambazo wizara ikizisoma itasema "basi, wanamaliza na manila, hela ya maabara tupeleke kwingine". Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viko 54 nchi nzima. Viwekewe kompyuta na intaneti ya uhakika, watu wazima wasome kama watu. Kwa nini maskini afundishwe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka?

Mleta mada

Mkuu, sina ugomvi na maabara, na vyuo hivyo vina haki ya kuwa nazo. Binti aliyeacha shule akarudi kupitia mfumo usio rasmi, anataka ufundi na cheti, huyo aende kwenye kompyuta leo hii. Ninachokataa ni kumpeleka mama wa dagaa kwenye maabara iliyo umbali wa nauli ya elfu sita, ajifunze kifaa ambacho nyumbani hakipo. Zamani waliweka magazeti ya vijijini, huku kwetu lilikuwepo Elimu Haina Mwisho, kwa sababu waliona aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma anasahau. Kompyuta ya kwenda kuitembelea mara moja kwa mwezi inasahaulika vivyo hivyo. Na kioo kilichopasuka nacho ni somo, maana ndicho atakachokitumia.

Mwalimu wa Zamu

Turudi kwenye vitendo. Wiki ijayo nina kikao na wawezeshaji wa kata, wengi ni wa kujitolea. Sina projekta wala bajeti. Nianze na nini?

Mleta mada

Anza na simu zao wenyewe. Mwombe kila mmoja aje na jambo moja la simu ambalo huwa anamwomba mtu amfanyie. Waandike bila majina, changanya vikaratasi, mtaona mambo yanajirudia. Yanayojirudia ndiyo masomo ya kikao chenu, na nina hakika ndiyo yatakuwa masomo ya wanafunzi wao.

Siku hiyohiyo waandike menyu moja kwenye manila, kila mtu kwa mkono wake, kwa mtandao anaoutumia. Menyu zinatofautiana, usiwape ya kwako. Fanyeni zoezi la mikono nyuma wawili wawili. Mwishoni kila mmoja abadili namba yake ya siri, akiwa amewapa wenzake mgongo.

Na tafuteni miwani ya kusomea ya namba tatu tofauti, ile ya sokoni, iwe mali ya darasa. Mimi niliwachangisha kina mama, wakalipa bila kulalamika, na fundi baiskeli mbishi ndiye wa kwanza kuiazima.

Mwalimu wa Zamu

Nimeinakili yote. Manila nanunua kesho, tukimaliza nitaweka picha hapa mnirekebishe.

Wakala Kona

Weka mwalimu. Ila kabla ya kupiga picha kagua vizuri, ubaoni pasiwe na namba ya mtu hata moja.